Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Bibi aliyesema haoni kitu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo Ramadhani 12. Nilikuwa nimeahidi kwamba leo tutaendelea na masuala ya zaka. Naomba mniwie radhi, zaka tutairudia kesho inshallah. Jambo la Ijumaa usiku halijaniacha, na kitu kisichomwacha mtu kwa siku tatu ni bora akiseme.

Waliokuwepo wanajua. Baada ya tarawehe tulitoa darubini nyuma ya msikiti, ile ndogo aliyotuachia kijana wetu aliporudi kutoka Mwanza. Lenzi yake ya mbele ni milimita 70, haizidi mdomo wa kikombe cha chai, na ile miguu yake mitatu ni myepesi kiasi kwamba mtu akikohoa jirani nayo, picha yote inacheza. Na anga lenyewe halikuwa zuri. Ukungu mwembamba ulikuwa umepanda kutoka ziwani, mwezi umeshavimba, na mwanga wake umeufanya ule ukungu uwe mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nyota karibu zote zimemezwa. Iliyobaki ni Mshtarii, sayari ile kubwa, ambayo mwezi huu wote tukitoka tarawehe tunaikuta juu kabisa, ukiinua uso kuelekea kaskazini.

Nikaielekeza darubini, nikaweka lenzi ya jicho inayokuza mara 70, nikaona vizuri: kiduara cha rangi ya maziwa, na miezi yake midogo imejipanga pembeni kwenye mstari mmoja kama punje za mchele. Nikawaita watu. Watoto kwanza, halafu vijana, halafu wazee, akina mama kwa upande wao. Mtu akaniita pembeni kuuliza habari ya fidia ya mama anayenyonyesha, nikaenda kumjibu. Huku nyuma nasikia: "Masha Allah!" "Subhanallah!" "Loo, na miezi yake kweli!" Moyo wangu ukafurahi. Nikasema leo watu wa Kisorya wameona ishara za Mola wao.

Ikafika zamu ya bibi mmoja. Simtaji jina, ila wengi mnamfahamu, na jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Akainama, akakaa pale muda mrefu. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Akainuka akasema, "Mwalimu, mwanangu, mimi hapa naona weusi tu."

Kijana mmoja akamwambia, "Bibi, ni macho. Sisi wote tumeona."

Nikaenda kuangalia mwenyewe. Ndugu zangu, mle ndani hamkuwa na kitu. Mshtarii ilikuwa imeshatoka zamani! Na hapa niwaeleze kidogo, maana mimi mchana ni mwalimu wa jiografia na siwezi kujizuia. Dunia inazunguka, kwa hiyo mbingu yote inaonekana kusogea kuelekea magharibi. Kwa macho matupu hatuhisi. Lakini ukikuza mara 70 unatazama kijipande kidogo sana cha mbingu, na sayari inakikata kijipande hicho kwa dakika tatu hivi, halafu inatoka upande wa pili. Darubini za wenye uwezo zina mota inayoifuata. Ya kwetu haina, lazima mtu aisogeze kwa mkono. Mimi nilikuwa kwenye fidia, hakuna aliyeisogeza. Nikapiga hesabu ya waliopita baada ya mimi kuondoka: watu tisa. Wa kwanza wawili, pengine watatu, waliona kweli. Waliobaki walitazama giza, wakainuka, wakasema masha Allah.

Tulicheka sana usiku ule. Mzee mmoja akasema, "Mimi nilidhani ule weusi ndiyo sayari yenyewe." Bibi akacheka kuliko wote. Na mimi nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani sikulala.

Sikulala kwa sababu nilimkumbuka kijana wa mwaloni.

Wengi mnaijua habari ile ya mwezi wa Rajabu. Betri ya taa za dagaa ilipotea mwaloni, ikasemwa kijana fulani ameonekana nayo usiku. Walikuja kwangu watu watatu, wote wanasali na sisi, kila mmoja anasema ameonekana, ameonekana. Kijana alikuwa ameshapigwa. Nikawakalisha, nikamwita mmoja mmoja pembeni. Wa kwanza nikamuuliza, wewe ulimwona? Akasema, "Mimi sikumwona, ila fulani alimwona." Nikamwita huyo fulani. Akasema, "Mwalimu, mimi niliambiwa na huyu." Wa tatu alikuwa amewasikia wale wawili, na kwa kuwa ni wawili, akaona ni yakini. Wote watatu ukiwaweka kwenye mizani, hakuna jicho hata moja lililoona. Betri ilikutwa baada ya siku mbili chini ya nyavu za tajiri mwenyewe. Yule kijana alishavuka na kivuko kwenda Ukerewe, na mpaka leo hajarudi. Mama yake anasali safu ya nyuma. Kila nikitoa salamu namkumbuka.

Sasa nikawaza, hawa watatu si watu wabaya. Ni kama wale waliokuwa kwenye foleni ya darubini. Aliye mbele yako amesema masha Allah, wewe ukisema sioni utaonekana mjinga, au macho yako mabovu, au imani yako ndogo. Basi unasema masha Allah, na wa nyuma yako anakusikia. Hakuna aliyekusudia uongo. Na mwisho wake mtoto wa mtu anapigwa.

Mwenyezi Mungu katika Surat al-Israa, aya ya 36, anatukataza kufuata jambo tusilo na ujuzi nalo, na anatuonya kwamba masikio na macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Tazameni vilivyotajwa kila kimoja peke yake. Sikio litaulizwa lilisikia nini. Jicho litaulizwa liliona nini. Siku hiyo sikio halitaruhusiwa kujibu swali la jicho. Na katika Surat Yusuf, wale ndugu zake Yusuf, pamoja na makosa yao yote, siku walipotakiwa kwenda kumweleza baba yao habari ya mdogo wao aliyezuiwa Misri, walielekezwa kusema kwamba hawashuhudii ila wanachokijua, na ya ghaibu hawakuwa walinzi wake. Hata mtu mwenye historia mbaya anaweza kusema neno safi la ushahidi.

Nimewasema wa foleni, sasa nijiseme mimi. Wengine mlikuwa mnangoja nifike hapa, nawajua.

Tarehe 29 Shaaban ya mwaka jana, 1446. Jioni ile nilikuwa ufukweni na vijana watatu wa madrasa tunatafuta mwezi mwandamo. Mawingu yamejipanga upande wa Ukerewe safu juu ya safu. Tulisubiri jua lizame lote (hili nalirudia kila mwaka: jua likiwa bado lipo, hata ukingo tu, usielekeze darubini upande ule, unaweza kupoteza jicho kwa sekunde moja na hakuna wa kukurudishia). Lilipozama nikaanza kupitisha darubini kwenye nyufa za mawingu, juu, chini, kushoto, kulia, kwa papara, maana dakika zenyewe ni chache. Baada ya muda sikujua tena naitazama wapi. Na ghafla, kwenye upenyo mmoja, nikauona. Hilali. Nyeupe, nyembamba, pembe zake mbili zimechongoka, mgongo umegeukia jua lilikozama, kama inavyotakiwa.

Nikapiga takbira. Mkono unatetemeka. Nikatoa simu, nikawapigia maimamu wawili wa vijiji jirani, halafu nikaandika kwenye chaneli hii hii: Mwezi umeonekana Kisorya.

Kijana mmoja wa kidato cha pili akachukua zamu yake, akatazama, akasema, "Mwalimu, mbona mdogo?"

Nikamwambia, "Mwezi wa kwanza huwa mwembamba, kijana."

Akasema, "Sisemi mwembamba. Nasema mdogo. Ule tulioangalia wiki mbili zilizopita ulijaza kioo chote."

Nikamnyamazisha. Nilimwambia aache ubishi, huu ni wakati wa dua. Na wakati ninaomba dua, mawingu yakafunguka, nikainua macho matupu kufuata darubini ilipoelekea, nikaona taa kubwa inang'aa juu mbali sana na pale jua lilipozama. Zuhura. Nyota ya jioni ambayo hata mtoto anayerudisha mbuzi anaijua.

Kwa wasiojua kosa lilivyotokea: Zuhura inalizunguka jua kwa njia iliyo ndani ya njia yetu. Kwa hiyo sisi tunaiona ikijaa na kupungua kama mwezi. Ikiwa ng'ambo ya jua inaonekana karibu duara zima, lakini ndogo. Ikija upande wetu inakuwa kubwa zaidi na inageuka kuwa hilali. Mwaka jana ilikuwa inatujia, tarehe 23 Machi 2025 ikapita kati yetu na jua, kwa hiyo mwanzoni mwa Ramadhani ilikuwa imebaki hilali nyembamba hasa. Umbo lilikuwa sawa kabisa. Ila mwezi wetu, kwa upana wake angani, unaizidi zaidi ya mara 30. Kijana aliona ukubwa. Mimi niliona nilichokuwa nakitaka.

Na mimi ndiye niliyewafundisha darasani kwamba Zuhura ina hilali! Elimu ilikuwepo kichwani. Kilichokosekana ni kutulia.

Basi nikafuta ujumbe. Ulikaa pale dakika 11. Nikajisemea, nimeufuta, yamekwisha. Halafu nikaona idadi ya waliousoma. Kufuta si kurudisha, jamani. Aliyesoma ameshasoma, na mwingine ameshamwambia mkewe aanze kupika daku. Ikabidi niandike tena, na ujumbe ule wa pili uliniwia mzito kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuandika, ingawa ulikuwa na maneno machache tu: nilichokiona si mwezi, ni Zuhura, nimekosea, subirini tangazo. Nikawapigia simu wale maimamu. Mmoja akacheka, akasema Mungu akusamehe, Ustadh. Wa pili akanyamaza kidogo, akasema, "Nimeshatangaza kwenye spika." Ikabidi apande tena kutangua tangazo ambalo kosa lake lilikuwa langu, si lake. Habari ya kuandama ilikuja kwa njia yake na tukafunga pamoja na wenzetu, alhamdulillah. Lakini Ramadhani ile nzima, kila nikisimama na tangazo nilikuwa naona watu wanatazamana. Walikuwa na haki.

Na yule kijana nilimwomba radhi baada ya siku nne. Siku nne! Kwa waliousoma ujumbe nilijisahihisha usiku uleule, kwa sababu ilibidi. Kwa mtoto niliyemnyamazisha, nilichelewa.

Inasimuliwa katika vitabu vya historia kwamba Sahaba Anas bin Malik (RA), aliyemtumikia Mtume (SAW) miaka kumi na kujaaliwa umri mrefu, alitoka na watu kutazama mwezi akiwa mzee wa karibu miaka 100. Akasema, ninauona, ule pale. Anaonyesha kwa kidole. Wengine hawaoni kitu. Hapo alikuwepo Iyas bin Muawiya, ambaye baadaye alikuwa kadhi wa Basra na aliyejulikana kwa akili yake. Iyas hakubishana. Alimtazama mzee usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho. Akaupangusa na kuulaza mahali pake kwa adabu, kisha akasema, tuonyeshe tena, mzee wetu. Anas akatazama, akasema hauoni tena.

Kisa hiki nakipenda kwa mambo mawili. Anas hakusema uongo, aliona kweli umbo lililopinda. Na alipoulizwa mara ya pili, hakung'ang'ania. Hakusema mimi ni Sahaba, nimesali nyuma ya Mtume, ninyi watoto mtaniambia nini. Mimi nilimwambia kijana wa kidato cha pili aache ubishi.

Na katika mji uleule wa Basra, karne kadhaa baadaye, alizaliwa Ibn al-Haytham, aliyefariki Kairo mnamo mwaka 1040. Aliandika kitabu kikubwa kuhusu kuona, Kitab al-Manadhir, na ndani yake akashughulika kwa urefu na makosa ya macho. Anaeleza kwamba jicho linahitaji masharti: umbali uwe wa wastani, mwanga uwepo, hewa iwe safi, jicho liwe zima, na kitu kipewe muda wa kutosha kutazamwa. Likivunjika sharti, kuona kunaharibika. Jioni yangu ya ufukweni nilivunja karibu yote, na lile la muda nililivunja kwa mkono wangu mwenyewe.

Wapo walioniuliza kama darubini inafaa kabisa katika mambo haya, na wapo wenye ile mizozo ya mwezi wa kitaifa na wa kimataifa. Wanazuoni wana maneno yao, na hata Ibn Abbas (RA) alipoletewa na Kurayb habari kwamba Sham wameuona usiku wa Ijumaa, alisema sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, na akabaki na wake. Leo siingii huko. Darubini kwangu ni kama miwani. Miwani haimfanyi mtu kuwa mkweli.

Kilichobadilika baada ya siku ile ni daftari. Tulinunua kaunta buku, na aliyekabidhiwa ni yule kijana aliyesema "mbona mdogo". Kila tunapotoa darubini anaandika tarehe, saa, hali ya anga, nani ameangalia, na ameona nini. Na kuna utaratibu mmoja ambao wao wenyewe waliuongeza: kila mmoja anachora peke yake kabla ya kuonyeshana.

Mwezi uliopita walichora Mshtarii. Wawili wamechora miezi mitatu, mmoja amechora minne. Nikamuuliza wa minne, wa nne ulikuwa wapi? Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, programu ya simu inaonyesha minne." Hakuuona, aliusoma. Nikamwambia, simu haikukosea, miezi mikubwa ya Mshtarii ni minne: Io, Europa, Ganimede na Kallisto. Lakini inazunguka. Io inamaliza mzunguko kwa saa 42 na ushei, Ganimede kwa wiki hivi, Kallisto kwa karibu siku 17. Usiku wowote mmoja anaweza kuwa mbele ya sayari, au nyuma yake, au ndani ya kivuli chake, au amekaribiana na mwenzake wakaonekana kama mmoja, au ukungu wetu umemfunika tu. Kwa hiyo andika mitatu. Pembeni, kwa kalamu nyingine, andika kwamba simu inasema minne. Vyote viwili ni kweli, lakini kimoja ni ushahidi wako na kingine ni habari uliyopewa.

Yule Galileo wa Italia aliyeiona miezi hii kwa darubini yake ya kukuza mara 20 hivi, Januari 1610, alianza na mitatu pia. Tarehe 7 aliona vinyota vitatu, akadhani ni nyota za kawaida. Tarehe 8 vikawa vimebadilisha upande. Tarehe 9 aliandika kwamba mbingu ilifunikwa na mawingu. Basi, akaandika mawingu. Hakujaza usiku ule kwa kubahatisha. Tarehe 13 akaona wa nne. Na alipoitazama Zohali mwaka huohuo, kioo chake hakikutosha kuonyesha pete, akaona mwili mmoja mkubwa na miwili midogo ubavuni, akasema hivyo: ni mitatu. Alikosea, na ilichukua zaidi ya miaka 40 mpaka Mholanzi Huygens kueleza kwamba ni pete. Lakini kosa lake lilikuwa la mtu aliyesema alichokiona, kwa hiyo waliokuja baadaye waliweza kulirekebisha. Kabla yake mbali sana, mwaka 964, Abdul Rahman as-Sufi kule Uajemi, bila darubini, aliona doa dogo la mwanga kwenye kundi moja la nyota, akaliandika kuwa ni kiwingu kidogo. Leo tunajua lile ni kundi kubwa la nyota lililo nje kabisa ya letu. As-Sufi hakujua. Akaandika kiwingu.

Sasa vijana wameniomba niseme na hali ya hewa ya hapa kwetu, maana wanasikitika kwamba darubini ni ndogo na ziwa halituachii anga. Ni kweli. Giza la mwezi likifika, upeo wote unawaka taa za wavuvi wa dagaa, utadhani kuna jiji majini. Ukisubiri mbalamwezi, wavuvi wanapumzika lakini mwezi wenyewe unafuta nyota. Mvua za masika zinaanza Machi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanapanda kama moshi na kujibandika kwenye lenzi. Unyevu nao unatua kwenye kioo, unadhani anga limeharibika, kumbe ni kioo kinatoka jasho.

Lakini nimejifunza kwamba ukungu mwembamba si adui wa sayari. Sayari inang'aa vya kutosha kupenya, na mara nyingi usiku wa ukungu hewa huwa imetulia. Usiku unaodanganya ni ule wa baada ya mvua na upepo: nyota zimetakata, zinameta vizuri, mtu anafurahi, halafu akiangalia ndani sayari inachemka kama maji ya ugali. Kumeta ni dalili ya hewa isiyotulia. Basi toeni darubini nje nusu saa mapema ipoe. Msitazame juu ya paa la bati, bati linatema joto la mchana. Msipende kukuza sana. Boksi limeandikwa mamia kwa mamia, lakini kwa lenzi ya 70 na ukungu wetu, mara 28 inaonyesha miezi ya Mshtarii vizuri kuliko mara 200 inayoonyesha uji.

Na la mwisho, usiinuke haraka. Unakaa pale, picha inatetemeka, inavurugika, dakika nzima huoni cha maana. Halafu hewa inatulia kama kwa kupepesa jicho, na ghafla ile mikanda miwili ya Mshtarii inaonekana wazi kama michoro ya kitenge, kisha inapotea tena. Katika Surat al-Mulk Mola wetu anatuamrisha tutazame mbingu, kisha turudishe macho tena, kisha tena, mpaka jicho lirudi limechoka. Hakutuamrisha mara moja. Bibi yetu, kati ya wote wa Ijumaa, ndiye aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote. Alikuwa anaitii aya, na hakuna aliyejua.

Jana nilimpitia nyumbani kwake nikamwuliza, "Bibi, hukuona haya kusema huoni, watu wote wameona?" Akaniambia, "Mwanangu, nimeishi na jicho hili miaka. Nikisema naona wakati sioni, nitakanyaga jiko." Akanipa mihogo ya futari, nikaondoka.

Basi leo baada ya tarawehe darubini itakuwa mahali palepale. Mwezi unakaribia kujaa, kwa hiyo msitarajie nyota nyingi, tutaangalia Mshtarii. Kijana wa daftari ndiye atakayeikamata na kuisogeza kila baada ya dakika mbili, mimi kazi yangu ni foleni tu, masuala ya fidia nitayajibu kabla ya Isha. Kila atakayeinuka ataulizwa ameona nini, na litaandikwa hilohilo, hata kama ni weusi. Bibi tumemwekea kiti. Mama wa yule kijana aliyevuka nimemwomba aje pia, na wale ndugu watatu wanajua kwa nini nawaomba wafike mapema kidogo. Nauli ya kivuko ya kumrudisha kijana ipo kwangu tayari, kilichobaki ni neno lao.

Mvua ikinyesha nitaandika hapa saa 3 kasoro.

Ewe Mola wetu, tupe macho yanayosema kweli na ndimi zinazoyafuata. Ukubali funga zetu na visimamo vyetu. Ameen.

Futari njema.